Wimbo Uliokwama Njiani

Ninyi vijana mkifungua programu ya kugawana mafaili, jicho lenu linakimbilia kwenye kasi. Inashuka upesi au inajikokota? Imebakiza muda gani? Ikijikokota mnasonya, mnaifunga, mnakwenda zenu. Mimi kasi haina kazi nami tena, muda ninao mpaka wa kumwaga. Jicho langu linashuka chini, kwenye ile sehemu inayoonyesha ni mashine zipi zimeunganishwa na yako. Inaonyesha namba tu, haionyeshi majina, lakini ukikaa nazo miaka unawajua watu kwa tabia zao. Huyu anayewasha baada ya kukamua ng'ombe ni Ta Fideli wa Bweranyange. Huyu anayeingia na kutoka, kuingia na kutoka, ni Ma Yustina wa Ihembe, umeme wao unavyomchezea. Nikiwaona wote wawili wamo, najisikia kama mtu aliyepigiwa hodi.

Chekeni tu. Mzee amestaafu, mke amekufa, binti yangu Jeni yuko Mwanza na anapiga simu akikumbuka, mnataka atazame nini? Migomba? Migomba nimeitazama vya kutosha.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi. Nilirekodi kwaya, ibada, mafundisho ya kahawa, na wazee wakisimulia kwa Kinyambo mambo ambayo watoto wao wenyewe hawakutaka kuyasikia. Nilifanya hivyo kwenye kituo kidogo hapa Kanoni mpaka kikafungwa, nikastaafu nacho, na mashine nikaihamishia nyumbani. Lakini siku naajiriwa hakuna aliyeniambia kwamba kurekodi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyafikisha uliyorekodi kwa wenyewe, na hiyo ndiyo iliyonitoa mvi.

Mwanzoni tulisafirisha kanda, baadaye sidii, kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa unga. Barabara zetu mnazijua. Sidii inatoka Kanoni ikiimba, inafika Bweranyange ikikohoa. Zikaja flashi, tukashangilia, kumbe zimekuja na virusi vyake. Flashi moja, nyekundu, siisahau, ilizunguka sharika tatu ikaziua kompyuta zote tatu, na kila usharika ukaulaumu ule mwingine mpaka watu wakaacha kusalimiana vizuri.

Aliyetutoa huko ni Mwalimu Beatrisi, mama mmoja mkali aliyeletwa kutufundisha kompyuta. Subira hakujaliwa. Ukishika kipanya vibaya anakupiga mkono kwa rula, na mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Siku moja akatuita watu wa sharika zote, akatuonyesha programu hiyo, akasema: "Hii ni ya bure. Si ile bure ya kuonjeshwa wiki mbili halafu unadaiwa. Ni bure kabisa. Walioiandika wameyaacha wazi maandishi yake yote, mwenye akili ya kuyasoma ayasome, mwenye uwezo wa kuyarekebisha arekebishe. Na hamtaona humo tangazo hata moja la biashara."

Ta Fideli akauliza, "Kitu cha bure, na hakuna anayekutangazia hata sabuni? Sasa hao wanakula nini?"

"Wanakula kama wewe, Ta Fideli. Kwa kazi nyingine."

Ta Fideli ni mfugaji. Ng'ombe wake wanalishwa kule kwenye mbuga wazi, na mashine ya usharika alipewa yeye kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na sola ya uhakika. Mwalimu akaeleza kwamba faili kubwa linakatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo huvichukui vyote kwa mtu mmoja. Hiki unakipata Ihembe, kile Bweranyange, na wakati huohuo vile ulivyokwisha kuvipata wewe unawapa wengine. Hakuna bwana mkubwa katikati mwenye ghala na funguo. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema. Ta Fideli akanyoosha mkono tena.

"Mwalimu, hivyo vipande vya Ihembe si vitakuja na lafudhi ya Ihembe?"

Loo! Tulicheka mpaka Ma Yustina, ambaye ni wa Ihembe, akatoka nje kufuta machozi. Lakini Ta Fideli hakuwa anatania. Na Mwalimu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyomwona mpole, akamweleza taratibu kwamba kila kipande kikifika kinakaguliwa, na chenye kasoro hata kidogo kinatupwa na kuombwa upya. Ndiyo maana wimbo unaweza kupita mashine tatu, ukakatikiwa umeme njiani hata wewe ukakata tamaa, na bado ukafika mzima kama ulivyoimbwa.

Sasa shikeni haya, kwa sababu hamtafundishwa na mtu mwingine. Umeme ukikatika msihangaike kuanza upya. Programu inakumbuka ilipofika, nanyi mkiwasha inaendelea pale pale. Pili, wekeni kikomo cha kasi ya kupandisha. Mimi wiki ya kwanza niliiacha wazi, nikaenda kunywa chai, niliporudi bando la kituo kizima lilikuwa limekwisha na mchungaji anasubiri kutuma taarifa yake. Alinitazama tu. Bora angenifokea. Tatu, msihamishe folda ovyo kwa kutaka nyumba ionekane safi. Nilihamisha mimi, programu ikalalamika kwamba mafaili hayapo, nikashika kichwa. Mwalimu akabonyeza sehemu ya kukagua upya, akaionyesha folda ilikohamia, ikahesabu vipande vyake kimoja kimoja, ikatulia. "Mafaili yapo," akaniambia, "akili ndiyo haipo." Na la nne ndilo kubwa. Ukimaliza kuchukua, usifunge. Kaa hewani, na wenzako nao wachukue kwako. Mtu anayechukua na kufunga sisi tulimwita mla matanga, yule anayefika msibani wakati wa chakula tu.

Najua wengi wenu mkisikia programu hii mnawaza sinema za wizi. Hiyo ni shauri yenu na wenye sinema. Sisi tuligawana vya kwetu, vilivyoimbwa na sisi, kwa ruhusa ya walioimba.

Sasa niwaambie kilichonifanya niyaseme haya.

Mke wangu aliitwa Kokushubira. Aliimba kwaya tangu msichana, lakini kurekodiwa peke yake hakutaka. "Sauti yangu ni ya jikoni," alikuwa akisema, "usiniletee chuma chako mdomoni." Chuma ni maikrofoni yangu. Nimerekodi watu wa Karagwe na Kyerwa wasiohesabika, mpaka mbuzi wa mnada nimewarekodi, ila mke wangu niliyelala naye nyumba moja nilimpata mara moja tu. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kiongozi wa kwaya alipatwa na kwikwi, kwikwi kweli kweli, na wimbo wa mwisho ukawa hauna wa kuuanzisha. Koku akatoka mstari wa nyuma akauimba peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mitambo, nikampandishia sauti.

Ibada hiyo nzima niliiweka kwenye faili moja refu: mahubiri, watoto, kwaya tatu, mnada wa mikungu ya ndizi na jogoo aliyewatoroka wazee wa kanisa, na mwishoni kabisa, yeye. Ta Fideli akaichukua. Ma Yustina akaichukua. Nami nikawa nayo, kwa hiyo tulikuwa mashine tatu zenye faili kamili, na sikuwa na wasiwasi wowote.

Koku akafa. Ugonjwa sitausema. Watu walikuja, walilia nami, walilala nje kwenye majani kama ilivyo desturi. Siku ya kuanua matanga nilikuwa zahanati na malaria iliyonikamata vibaya, sijui hata nilifikaje. Niliporudi nyumbani wakwe walikwisha kuondoka, majani yamefagiliwa, kumetulia. Nikasema basi, yamekwisha.

Masika yale, mashine sijaiwasha tangu msiba, radi ikapiga. Ikaingia kwa waya, ikaila diski yangu yote. Msinitazame hivyo. Sikulia. Nilijiambia, ndiyo maana tuliigawa, ipo Bweranyange na ipo Ihembe. Nikanunua diski iliyotumika, nikalitafuta kwenye barua pepe lile faili dogo la mwongozo linaloiambia programu itafute nini, nikaliweka, nikavuta kiti.

Waliounganishwa: hakuna.

Kesho yake, hakuna. Kesho kutwa, hakuna. Si faili hilo peke yake, yote yalikuwa kimya. Nilikagua antena niliyoifunga juu ya mti, nikakagua bando, nikakagua mipangilio yote aliyonifundisha Mwalimu Beatrisi. Kila kitu kizima. Wao tu ndio hawapo.

Halafu siku moja akaingia mtu mmoja. Nikaruka kwenye kiti. Vipande vikaanza kuja, nikaona mahubiri yanajaa, watoto wanajaa, jogoo huyo. Ikafika asilimia tisini na nne ikasimama. Nikatazama, kumbe na yeye ana tisini na nne. Alikuwa mwalimu mmoja wa shule kule Kyerwa, mgeni kwetu, niliyekuja kumfahamu baadaye kwa simu. Alianza kuichukua kabla tu ya msiba bila kujua lolote, ikamkatikia siku ile ile. Na alikuwa amewasha ile ya kushusha kwa mfululizo, ambayo inakuletea faili kutoka mwanzo kwenda mwisho ili uweze kusikiliza huku likiendelea kuja. Kwa hiyo kilichokosekana ni mwisho. Niliisikiliza. Kiongozi akapatwa na kwikwi, watu wakacheka, kisha pakawa na kimya cha Koku kutembea kwenda mbele. Hapo ikakatika.

Tisini na nne zote zilikuwa za watu wengine.

Nilikaa na hizo tisini na nne zaidi ya mwaka. Asubuhi nikiamka nawasha kabla ya kunawa uso, namkuta mwalimu wa Kyerwa, tunatazamana watu wawili wenye upungufu uleule. Nilimchukia bure, maskini ya Mungu. Niliwachukia zaidi wale wawili. Nilijiambia, Samweli, umestaafu, kituo kimefungwa, mke amekufa, nani atatumia umeme wake kwa ajili yako? Wamefunga mashine, wamekusahau. Kuwapigia simu kuwaomba sikuweza. Mtu aliyenisahau nimwombe nini? Na kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba nikikutana na watu njiani au kanisani, badala ya kunisalimia kama watu, waliniambia "Pole." Mwaka mzima! Unakwenda kununua chumvi, "Pole, Ta Samweli." Nilianza kwenda dukani mchana wa jua kali, watu wakiwa ndani.

Mwishowe nikapanda bodaboda mpaka Bweranyange. Nilijisemea kwamba nakwenda kununua maziwa ya mgando.

Ta Fideli nilimkuta uani anamfunga ndama. Akaniacha nikae, akaniletea kahawa ya kutafuna, akasema kwa heshima ya kwetu, "Pole sana, waitu."

"Pole ya nini tena?" Nikalipuka. "Mashine yako imekufa?"

"Haijafa."

"Umeuza sola?"

"Sijauza. Njoo uone."

Akaniingiza chumbani. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Akalifunua kwa mikono miwili, akawasha, akafungua programu. Faili lile lilikuwamo, asilimia mia moja, na pembeni limeandikwa kwamba limesimamishwa. Yote yalikuwa yamesimamishwa, lile la mavuno na mengine yote tuliyowahi kugawana.

"Nani kasimamisha?"

"Mimi. Na Yustina kule kwake. Siku ile ile tuliyopata habari." Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Ta Samweli, nyumba yenye msiba inawashiwa redio? Nigawe nyimbo huku umelala chini? Tena sauti ya marehemu mwenyewe, ipite hewani watu waichukue kama kawaida?"

"Lakini msiba ulikwisha! Mwaka umepita!"

"Ulikwisha lini? Siku ya kuanua ulikuwa zahanati. Wakwe zako walingoja mpaka jioni wakaondoka. Mwenye msiba ndiye anayetamka kuwa yamekwisha, na wewe hujatamka. Yustina ameniuliza mara ngapi, tufungue? Nikamwambia, atasema mwenyewe siku moyo wake ukiruhusu. Tusimharakishe."

Jamani. Mwaka mzima mimi nawaza wamenisahau, kumbe wamekaa matanga yangu. Na zile pole za barabarani, watu hawakuwa na salamu nyingine ya kunipa. Niliona haya na nilitamani kumkumbatia, na nilitamani pia kumpiga na lile shuka lake.

"Flashi ninayo hapa," akasema taratibu. "Sema tu, nikuwekee uende nayo."

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Msidhani nilisahau maneno, ni maneno mawili tu, hata mtoto anayajua. Lakini niliona nikiyatamka, basi Koku amekufa kweli, amekufa kwa kinywa changu. Nilikuwa na njaa ya sauti yake mwaka mzima, na bei yake ikawa ni hiyo. Ta Fideli alingoja, halafu akaifunika mashine. Nilirudi Kanoni bila flashi na bila maziwa.

Siku zikapita, sikuhesabu. Sikuwasha mashine. Nyumba ilikuwa kimya kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi watu walikuwapo. Asubuhi moja nikajikuta nimevaa viatu. Simu kwangu haishiki mpaka usimame barabarani, pale ambapo kina mama huanika kahawa kwenye mikeka. Nikasimama kati yao nikampigia Ta Fideli, nikasema kwa sauti ndogo, "Matanga yamekwisha."

"Nani? Sikusikii, upepo!"

"Matanga yamekwisha."

"Mkate umefanyaje?"

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikapaza sauti yangu yote: "Nimesema mke wangu amekufa! Koku amekufa, Fideli, na matanga yamekwisha! Yamekwisha!"

Kina mama wote wakaacha reki zao. Nikasikia Ta Fideli anasema, "Tumesikia, waitu. Tumesikia." Nilisimama pale nalia mchana kweupe, mzee mzima, na sikujali. Mama mmoja kijana akaja karibu, nikajua sasa anakuja na pole yake. Akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, Ta Samweli. Umeamkaje leo?"

Nikamjibu marahaba. Nikamwambia nimeamka vibaya, lakini nimeamka.

Nilipowasha mashine Bweranyange alikuwamo. Kabla sijakaa vizuri akaingia Ihembe, akatoka, akaingia. Tisini na tano. Tisini na saba. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba programu iende polepole. Ikafika mia, nikavaa visikilizio.

Alitembea mpaka mbele. Akaimba. Kuimba kwake sitawaeleza, faili lipo, chukueni mjisikilizie. Wimbo ukaisha, watu wakapiga vigelegele, viti vikaburutwa, na mimi siku ile nilikuwa nimechelewa kuzima mitambo, kwa hiyo iliendelea kunasa. Zikasikika hatua zinakuja. Kisha sauti yake, karibu kabisa na chuma, si ya kuimba, ile ya kila siku: "Baba Jeni, bado umekaa na mashine? Watu wote wameshakwenda kula. Zima uje."

Sikuzima, kwa sababu mwalimu wa Kyerwa alikuwa bado anachukua kwangu. Lakini niliinuka, nikaenda kula.